Serikali ikibandika Amri Kumi darasani, ni amri za nani?

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisa yetu, ile ya gavana wa Louisiana kule Marekani, Jeff Landry, anasaini sheria na watoto wamepangwa nyuma yake, chini mtu kaandika "Mungu amerudi shuleni", halafu Amina zinafuatana mpaka unachoka kuskrol. Ilikuwa 19 Juni 2024. Mwaka uliofuata Arkansas na Texas nao wakapitisha za kwao, na kila likitokea jimbo jipya klipu inarudi na Amina zinarudi nayo. Mimi ni Mkristo, Mlutheri wa kuzaliwa na kipaimara nimepata, na naomba niseme wazi kwamba sioni ushindi wowote pale. Naona serikali imechukua kitu kisicho chake, ikakikata, ikakitia kwenye fremu, ikasema hiki ni cha wote. Na naamini waumini ndo tulitakiwa kuwa wa kwanza kukataa, kabla hata ya hao wasioamini.

Tuanze na sheria yenyewe manake wengi wanaoisifia hawajaisoma. Louisiana inataka kila darasa la shule ya umma, kuanzia chekechea mpaka vyuo vikuu vinavyopokea hela ya jimbo, liwe na bango la Amri Kumi lisilopungua inchi 11 kwa 14, maandishi makubwa yanayosomeka kirahisi, na Amri zenyewe ndo ziwe kitu kikuu kwenye hilo bango. Mwisho wa kubandika ulikuwa 1 Januari 2025. Texas wakaongeza ukubwa, inchi 16 kwa 20, na wakasema mtu mwenye macho ya kawaida aweze kulisoma akiwa popote darasani. Shule hazilazimiki kununua, mabango yanaweza kutoka kwa wafadhili. Lakini kuliko inchi na hela kuna jambo ambalo watu wanalipita, kwamba maneno ya kwenye bango yamo ndani ya sheria, neno kwa neno. Mwalimu hawezi kuweka tafsiri ya kanisa lake, mzazi hawezi kupendekeza nyingine, mchungaji hana la kusema. Wabunge wa jimbo wamekaa, wamepiga kura, wamesema Amri Kumi ni hizi.

Sasa hebu tuulizane, zipi?

Manake hata hapa kwetu hatuzihesabu sawa. Sisi Walutheri pamoja na Wakatoliki ile ya sanamu hatuihesabu peke yake, inaingia ndani ya ile ya kwanza, halafu ile ya kutamani tunaigawa mara mbili ili zitimie kumi. Waanglikana, Wasabato, Wapentekoste wengi, kwao ya sanamu ni ya pili na inasimama yenyewe. Wayahudi, ambao ndo waliopewa hizi amri kabla yetu sote, wanaanza kuhesabu na yale maneno ya utangulizi, "Mimi ni BWANA, Mungu wako", hiyo kwao ni ya kwanza. Ndo maana mtu akisema fulani kavunja amri ya sita Bongo nzima inaelewa kalala na nani, lakini mfungulie Muanglikana Biblia yake ahesabu, ya sita kwake ni usiue. Kanisani hili halijatugombanisha, kila mtu anafundisha kwa katekisimu yake na maisha yanaenda. Linageuka kuwa ugomvi pale serikali inaposema kuna orodha moja rasmi na ukutani kuna nafasi ya hiyo tu.

Na orodha waliyochagua ina historia yake. Miaka ya 1950 kulikuwa na jaji wa mahakama ya watoto huko Minnesota, E. J. Ruegemer, aliyeona vijana wanaoletwa mbele yake hawazijui Amri Kumi, akakishawishi chama cha kijamii alichokuwemo, kinaitwa Fraternal Order of Eagles, wazisambaze. Wakakaa Waprotestanti, Wakatoliki na Wayahudi wakatengeneza maneno ya mchanganyiko ili asichukie mtu. Baadaye filamu kubwa ya Hollywood ya mwaka 1956 kuhusu Musa ikaongeza moto, na nguzo za mawe zenye maneno hayo zikasimikwa kwenye miji mingi. Moja ikawekwa viwanja vya bunge la Texas mwaka 1961, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, ndo ya juu kabisa kule, ikairuhusu ibaki kwa kura 5 kwa 4. Maneno ya jiwe lile ndo Louisiana waliyoyachukua na kuyaweka kwenye sheria yao. Kwa hiyo kinachoning'inia darasani si Kutoka 20 wala Kumbukumbu la Torati 5, ni muhtasari wa kamati ya watu wazuri waliokuwa wanatafuta kutomuudhi mtu.

Muhtasari huo umekata nini? Fungua Kutoka 20 mstari wa pili. "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kwenye bango kuna "Mimi ni Bwana Mungu wako", basi. Misri haipo. Nyumba ya utumwa haipo. Sisemi walikusudia vibaya, hao wa miaka ya 1950 walikuwa wanafupisha tu, lakini angalia matokeo yake yanapoangukia. Louisiana ndo jimbo lenye New Orleans, mji uliokuwa na soko kubwa kuliko yote la kuuza watumwa Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtoto mweusi anayekaa leo kwenye darasa la mji ule, ambaye babu wa babu yake aliuzwa hatua chache kutoka hapo, anasoma ukutani amri za Mungu ambaye sababu yake ya kutoa amri imeondolewa. Yaani Mungu wa Kutoka anajitambulisha kwanza kama aliyewakomboa watumwa, halafu kwa msingi huo ndo anasema fanyeni hivi na msifanye vile. Ukikata ukombozi ukabakisha masharti umebadilisha dini, na hakuna sinodi iliyokaa kuamua hivyo. Halafu mwisho wa bango wameacha ile ya kutotamani mke wa jirani wala mtumwa wake wala mjakazi wake wala ng'ombe wake. Mtumwa yupo. Aliyemtoa utumwani ndo amefutwa.

Na ndugu zangu Wasabato mnaoshea ile klipu, someni ya Sabato ilivyoandikwa pale. Inasema ikumbuke siku ya Sabato uitakase, ikaishia hapo. "Siku ya saba ni Sabato ya BWANA" haimo. Sehemu ambayo ninyi mmeshikilia dhidi ya ulimwengu mzima, mkakosa kazi kwa ajili yake, watoto wenu wakakosa mitihani ya Jumamosi kwa ajili yake, bango la serikali limeiacha nje. Mnaitikia Amina kwa bango lililokata fundisho lenu.

Mtu ataniambia hayo ni madogo, ya kitheolojia, watoto hawayajui. Basi tuangalie kilichotokea Marekani yenyewe zamani walipokuwa na hali hii hii. Mwaka 1859 Boston, shule ya Eliot, sheria ya Massachusetts ilitaka Biblia isomwe shuleni na pale watoto walikuwa wanakaririshwa Amri Kumi kwa maneno ya Kiprotestanti. Kulikuwa na mtoto Mkatoliki anaitwa Thomas Whall, miaka kama kumi hivi, watoto wa wahamiaji wa Ireland walikuwa wengi pale, akakataa kuzisema kwa namna ile kwa sababu nyumbani na kanisani alifundishwa nyingine. Mwalimu akamchapa mikononi kwa henzirani karibu nusu saa. Nusu saa, mtoto, kwa ajili ya Amri Kumi. Watoto wengine mamia wakagoma au wakafukuzwa, kesi ikaenda mahakamani na mwalimu akaachiwa, hakuwa na kosa. Miaka 15 kabla yake, 1844, Philadelphia ilishawaka moto kwa ugomvi wa aina hiyo hiyo. Askofu Kenrick aliomba tu watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kusoma Biblia yao badala ya ile ya Kiprotestanti ya King James, uvumi ukaenea kwamba Wakatoliki wanataka kuitoa Biblia shuleni, na kufikia Julai makanisa yalikuwa yamechomwa na watu zaidi ya kumi wamekufa. Wakristo kwa Wakristo. Biblia kwa Biblia. Hakukuwa na mpagani hata mmoja kwenye ugomvi ule.

Matokeo yake Wakatoliki wa Marekani wakachoka wakajenga shule zao wenyewe nchi nzima. Na nikikumbuka hilo naliangalia lile tukio la gavana kwa jicho jingine, kwa sababu Landry alienda kusaini ile sheria kwenye shule ya Kikatoliki mjini Lafayette, shule ya binafsi ambayo sheria haiigusi kabisa. Shule ya namna ile ipo duniani kwa sababu kizazi cha babu zao kilikimbia dini ya serikali shuleni.

Kuna watu wanadhani huu mpango wa kutenganisha dini na serikali waliuleta wakana Mungu. Si kweli, na sisi Waprotestanti hasa inatupasa tujue. Kabla ya uhuru wa Marekani wahubiri wa Kibaptisti Virginia walikuwa wanafungwa jela, kadhaa wa kadhaa, kosa lao kuhubiri bila kibali cha serikali iliyokuwa na kanisa lake la Kianglikana. Roger Williams, mchungaji aliyefukuzwa Massachusetts kwa imani yake, ndo aliandika mwaka 1644 habari ya ukuta kati ya bustani ya kanisa na pori la dunia, na alichokuwa anakiogopa ni pori kuingia bustanini. Na ile barua maarufu ya Rais Thomas Jefferson ya 1 Januari 1802 yenye maneno ya ukuta wa utengano, aliwaandikia nani? Aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, ambao walikuwa wanalalamika kwamba kwenye jimbo lenye kanisa rasmi wao wanapewa uhuru kama hisani wala si kama haki. Walioomba ukuta walikuwa walokole wa zama zile. Leo wajukuu wao wa kiimani wako mstari wa mbele kuubomoa, na hilo linanisikitisha kuliko vyote humu.

Tukija kwenye mahakama, hapa pana uongo mwingi unaozunguka kwa Kiswahili, kwamba "mwaka 1962 Marekani ilipiga marufuku maombi shuleni". Kesi ya 1962, Engel dhidi ya Vitale, ilihusu sala iliyotungwa na bodi ya elimu ya jimbo la New York, maofisa wa serikali walikaa wakaandika sala wakasema isemwe kila asubuhi. Mahakama Kuu ikasema kutunga sala rasmi si kazi ya serikali. Jaji aliyeandika hukumu, Hugo Black, aliwahi kuwa mwalimu wa Sunday school kwenye kanisa la Kibaptisti miaka mingi. Mwaka 1963 ikafuata ya kusoma mistari kumi ya Biblia kila siku Pennsylvania, ikakataliwa pia, na humo humo majaji wakasema kufundisha Biblia kama somo, kama historia na fasihi, ni ruksa. Hukumu hizo hazikumkataza mtoto wa Marekani kusali kabla ya mtihani. Anaweza kubeba Biblia yake, anaweza kuvaa msalaba, na tangu 1984 kuna sheria inayolazimisha sekondari zinazoruhusu klabu za wanafunzi ziruhusu na klabu za dini. Kilichozuiwa ni mwajiriwa wa serikali kumsalisha.

Halafu mwaka 1980, kesi ya Stone dhidi ya Graham. Kentucky walikuwa na sheria inayofanana na hii ya Louisiana, mabango ya Amri Kumi kila darasa, hela za wafadhili, chini wakaandika kwa herufi ndogo kwamba amri hizi zina matumizi ya kisheria na si ya kidini. Mahakama Kuu ikaitupa 5 kwa 4, ikasema wazi kwamba amri za kumwabudu Mungu mmoja na kutotaja jina lake bure haziwezi kuitwa za kidunia hata uandike nini chini yake. Mimi kama Mkristo nakubaliana na majaji wale moja kwa moja. Serikali inaposimama mahakamani kutetea bango huwa inalazimika kusema kwamba hii siyo dini sana, ni historia, ni chimbuko la sheria za nchi. Yaani ili ubaki na Amri ukutani inabidi wakili wako aape kwamba haziko pale kwa ajili ya Mungu. Tunashangilia nini sasa?

Kwa nini wamejaribu tena baada ya miaka yote hiyo? Ni kwa sababu mwaka 2022 Mahakama Kuu, ambayo sura zake zimebadilika, ilimpa ushindi kocha wa mpira wa Kimarekani wa shule moja jimbo la Washington aliyekuwa anapiga magoti kusali katikati ya uwanja baada ya mechi, na kwenye hukumu hiyo wakaachana na kipimo cha zamani wakasema sasa tutaangalia historia na desturi ya nchi. Wanasiasa wakaona mlango. Ile kesi ya kocha mimi sina shida nayo kubwa ingawa najua wapo wanaosema wachezaji walijisikia kulazimika, na hoja yao ina uzito, lakini angalau pale ilikuwa mtu na goti lake. Louisiana hakuna goti la mtu, kuna amri ya jimbo.

Na hiyo historia waliyoipeleka mahakamani Louisiana haikusimama mbele ya jaji wa kwanza. Familia tisa ndo zilishtaki, wamo Wayahudi, wamo wasio na dini, wamo Wakristo, na kati ya wazazi hao kuna wachungaji, hilo klipu haikwambii. Novemba 2024 Jaji John deGravelles akaizuia sheria, na moja ya vitu vilivyojadiliwa mbele yake ni maneno ambayo sheria imeyaweka kinywani mwa James Madison, rais wa nne, eti alisema taifa limeweka mustakabali wake wote kwenye watu kujitawala kwa Amri Kumi. Mwanahistoria aliyeitwa kutoa ushahidi akasema maneno hayo hayapatikani popote kwenye maandishi ya Madison. Huyo Madison ndo aliyeandika mwaka 1785 waraka mkali kupinga Virginia kutoza kodi ya kulipa walimu wa dini! Sasa sheria inayowataka watoto wasome kila siku kwamba usimshuhudie jirani yako uongo imemsingizia marehemu maneno. Mimi hilo siwezi kulipita juu juu, kwangu ni dhambi, na imefanywa kwa jina la Mungu.

Gavana alipoulizwa kuhusu wazazi wasiotaka, akajibu kwamba wamwambie mtoto asiangalie. Nimelifikiria sana hilo jibu. Sheria imesema bango liwe kubwa na lisomeke, na mtoto amewekwa mle ndani kwa nguvu ya sheria nyingine inayosema lazima asome, siku mia na zaidi kwa mwaka, miaka kumi na mbili. Mtu mzima akipita karibu na jiwe la bunge la Texas anaweza kuzunguka upande wa pili. Mtoto wa miaka sita atageukia wapi? Na kama jibu la muumini ni "usiangalie", basi bango limewekwa la nini? Neno la Mungu unaliweka ili lisomwe, liulizwe, lijibiwe. Sasa fikiria mtoto wa darasa la kwanza anamuuliza mwalimu kuzini ni nini, mwalimu ana jibu gani, na akijibu kwa imani yake kavunja katiba, na akikaa kimya kafundisha kwamba hayo maneno ukutani ni pambo.

Wanaosema maadili yameporomoka, nawaelewa, na mimi ni mzazi. Lakini walioishi Boston ya 1859 walikuwa na Amri mdomoni na bado mtu mzima alimpiga mtoto nusu saa. Miji ya kusini mwa Marekani iliyokuwa na ubaguzi wa rangi ilisomesha Biblia shuleni kila asubuhi, kwenye shule za weupe na kwenye shule za weusi, na haikuwazuia kuzitenganisha hizo shule. Maadili yanakaa kwa watu, yanapita kwa mama na kwa mwalimu wa kipaimara na kwa jirani anayerudisha chenji iliyozidi.

Sasa wengine mtasema hayo ni ya Wamarekani. Hapana jamani, hii tuna uzoefu nayo pwani hii kuliko tunavyojua. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890 waliifanya isiyo na dini, kwa sababu walihitaji makarani na maakida wanaojua Kiswahili na kusoma, na wengi wa hao walikuwa Waislamu ambao wazazi wao wasingewapeleka misheni. Wamisionari wakalalamika kweli kweli, wakasema serikali inapendelea Uislamu, kwa kosa la kutoweka Ukristo tu. Malalamiko yale ukiyasikia leo unaweza kudhani ni posti ya jana. Na upande wa pili, vizazi vya watoto wa Kiislamu Tanganyika na mwambao wa Kenya vilikosa shule kwa sababu shule iliyokuwepo karibu ilikuwa ya misheni na baba aliogopa mtoto atarudi na jina lingine. Pengo lile la elimu bado tunalizungumzia, bado linatuuma kwenye siasa. Ndo maana baada ya uhuru, hapa Tanzania Sheria ya Elimu ya 1969 ilizichukua shule za misheni kuwa za umma, na Katiba yetu ibara ya 19 inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Shuleni tukawa na kipindi cha dini, Wakatoliki chumba kile, Waislamu chumba hiki, Walutheri na wengine chini ya mti, anakuja shekhe, anakuja katekista, kila mtu anafundishwa na wa kwake kisha wote wanarudi darasa moja la hesabu. Si mpango mkamilifu, mtoto wa dini ndogo huwa anabaki anazubaa nje, lakini mwalimu mkuu hakupewa kazi ya kuamua Mungu anasemaje.

Na tofauti ninayoing'ang'ania ndo hiyo, dini aliyokuja nayo mtoto na dini aliyoikuta imepigiliwa msumari na serikali. Kenya wana ile kesi ya Isiolo, shule ya umma ya St. Paul's Kiwanjani iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, mabinti wa Kiislamu wanataka kuvaa hijabu na suruali nyeupe. Kanisa likashinda Mahakama Kuu 2015, mabinti wakashinda rufaa 2016, Januari 2019 Mahakama ya Upeo ikaitengua ile ya rufaa kwa sababu za utaratibu wa kesi ilivyoletwa, na swali lenyewe likabaki linaelea. Mimi pale niko na mabinti. Kitambaa ni chake, kichwa ni chake, hakimlazimishi mwenzake wa dawati kusoma kitu. Na kwa sababu hiyo hiyo niko kinyume na bango la Louisiana. Nikimtetea binti wa Isiolo halafu nikashangilia Baton Rouge, makao makuu ya Louisiana, nitakuwa natetea tu anayefanana na mimi.

Texas kuna watu wetu wengi, Houston, Dallas, Fort Worth, Wakongomani waliofika kama wakimbizi, Wakenya, Watanzania, wamo Wakatoliki, Wasabato, Wapentekoste, wamo Waislamu wa kutoka Mombasa na Unguja. Watoto wao wako kwenye shule hizo hizo. Agosti 2025 Jaji Fred Biery alizuia mabango kwenye wilaya kadhaa za shule zilizoshtakiwa, wilaya nyingine zikaendelea kubandika, na Oktoba mahakama ya rufaa ya New Orleans, ambayo Juni majaji wake watatu walikuwa wamekubaliana wote dhidi ya Louisiana, ikaamua kuisikiliza upya kwa majaji wake wote pamoja na ya Texas. Mahakama za chini haziwezi kuifuta hukumu ya 1980, hiyo ni ya Mahakama Kuu peke yake, na kila upande unajua safari inaelekea huko.

Kwa hiyo maombi yangu ni kwa wachungaji na mapadri wa makanisa ya Kiswahili kule. Familia zilizoshtaki Texas walikuwemo Wakristo, rabi na Wahindu, sauti ya Mwafrika muumini kwenye hili sijaisikia na inahitajika. Nendeni kwenye vikao vya bodi za shule, ni vya wazi, mzazi anaruhusiwa kuzungumza. Semeni ninyi ni watu wa Biblia na hamtaki bunge liihariri. Na nyumbani keti na mtoto umsomee Kutoka 20 yote, kuanzia mstari wa kwanza, kwa Kiswahili, na akikuuliza mbona ya shuleni ni fupi, mweleze ni nani aliyeifupisha.